Kutoka Shamba Hadi Gunia: Historia ya Bustani za Makina

Msomaji kijana, ukisikia neno historia pengine fikira zako hukimbilia wafalme, vita na mikataba. Mambo hayo ni historia kweli, lakini chakula nacho kina historia yake, na mboga uliyokula jana jioni yaweza kuwa na nasaba ndefu kuliko ya majumbe wengi. Katika insha hii tutafuata habari za bustani ya mboga ya nyumbani katika mtaa mmoja wa Nairobi, nao ni Makina, ulioko Kibera. Tutaona jinsi bustani ile ilivyoanza ikiwa shamba pana, ikapungua ikawa kiwanja cha nyuma ya nyumba, na mwishowe ikaingia ndani ya gunia. Njiani tutajifunza pia jinsi ya kuotesha mbegu, kutengeneza mboji na kuvuna, kwa sababu historia ya kazi haifahamiki vema na mtu asiyejua jinsi kazi yenyewe ifanywavyo.

Yafaa tuanze na watu. Makina ni mtaa ulioanzishwa na Wanubi. Asili ya Wanubi wa Kenya ni askari walioandikwa katika nchi za Sudani, wa makabila mbalimbali, ambao wengi wao walimtumikia Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta tangu mwaka wa 1878. Emin alipoondoka pamoja na Stanley katika mwaka wa 1889, askari wengi walibaki karibu na Ziwa Albert wakiwa na wake zao na watoto wao. Mwaka wa 1891 Kapteni Lugard aliwakuta huko akawachukua katika utumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Baadaye wakaingizwa katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka wa 1902, ambalo watu wetu waliliita Keya. Lugha yao, Kinubi, ilizaliwa kambini kutokana na Kiarabu kilichochanganyika na lugha nyingine.

Nairobi wakati huo ilikuwa changa. Reli ilikuwa imefika hapo mwaka wa 1899 tu. Kusini-magharibi mwa mji palikuwa na nchi yenye miti na vichaka, nayo jeshi liliitumia kwa mazoezi. Kuanzia mwaka wa 1904 askari wa Kinubi walianza kukaa huko na jamaa zao. Wakapaita Kibra, maana yake msitu kwa lugha yao, na jina hilo ndilo lililogeuka kuwa Kibera vinywani mwa watu wengine. Mwaka wa 1918 Serikali ilitangaza rasmi kwamba eneo hilo, lenye ekari 4,197, ni ardhi ya jeshi.

Sasa angalia jambo hili kwa makini. Askari aliyemaliza utumishi hakulipwa malipo ya uzeeni ya fedha kama alivyolipwa ofisa Mzungu. Alipewa ruhusa ya kukaa Kibra na kulima. Hati aliyopewa ilijulikana kuwa hati ya shamba. Basi shamba ndilo lililokuwa malipo yake ya uzeeni. Mahindi, maharagwe na mboga zilizoota kando ya nyumba hazikuwa pambo wala mchezo wa mtu mwenye nafasi. Zilikuwa ujira wa miaka mingi ya kubeba bunduki.

Walilima nini? Pamoja na nafaka na kunde, mboga za majani zilikuwa na heshima yake mezani. Chukua mfano wa mrenda, ule unaoteleza ukipikwa. Waluhya huujua sana, na Wajaluo huuita apoth. Nchini Misri na Sudani mmea huohuo huitwa mulukhiya, na watu huko wamekuwa wakiula tangu zamani. Kwa hiyo mtu aliyetoka katika bonde la Nile hakuwa mgeni wa mboga hii, wala mboga hii haikuwa ngeni kwa majirani aliowakuta Kenya. Watu wasiofahamiana kwa lugha waliweza kufahamiana kwa chungu. Kadhalika mchicha, managu, saga na kunde: hizi zote ni mboga za bara letu, zilizoota hapa kabla ya mbegu za pakiti kuletwa dukani.

Mkulima wa zamani hakununua mbegu. Aliacha mimea michache iliyo bora isichumwe, ikakomaa, ikatoa mbegu. Akazikausha kivulini, akazihifadhi pamoja na majivu ili wadudu wasizile. Ukitaka kuanza bustani leo, kanuni hiyo bado ni njema kwa mboga za kienyeji. Mchicha na mrenda hupandwa papo hapo penye makao yao, kwa kunyunyiza mbegu katika mifereji isiyo na kina, kwa kuwa mbegu zake ni ndogo mno, na ukizifukia sana hazitatoka. Sukuma wiki, kabichi na nyanya huanzia kwenye kitalu. Chagua mahali penye jua la asubuhi. Lainisha udongo, uchanganye na mboji, chora mistari iliyoachana kiasi cha shubiri moja, weka mbegu, uzifunike kwa udongo mwembamba, kisha utandaze nyasi kavu juu yake. Mwagilia maji asubuhi na jioni kwa kopo lenye matundu. Baada ya siku tano hadi kumi miche itachungulia. Hapo ondoa nyasi na uijengee kichanja cha kuizuia jua kali. Ikifikia majuma manne au sita, yenye majani manne au matano, iko tayari kuatikwa. Iatike jioni, jua likiwa limepoa, nayo iachane kiasi cha hatua moja fupi.

Tuendelee na historia. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mtu akishapewa jembe hahesabiwi tena kuwa mgeni. Amekuwa mmoja wa nyumba. Wanubi walipewa jembe, lakini ugeni hawakuvuliwa. Mwaka wa 1928 jeshi liliikabidhi Kibra kwa utawala wa kiraia, na watawala hao hawakuwa na deni la shukrani kwa askari wazee. Ikaja Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka wa 1934. Tume ilisema kwamba Wanubi wa Kibra ni wapangaji kwa hiari ya Serikali. Fikiri maana ya maneno hayo. Mpangaji wa namna hiyo aweza kupanda leo na kuondolewa kesho, maana haki yake hudumu kwa kadiri mwenye ardhi apendavyo. Mtu aliyeitwa hivyo hupanda mchicha, uivao kwa majuma machache. Hufikiri mara mbili kabla ya kupanda mwembe.

Tangu hapo ardhi ilianza kumegwa. Mji ulikua, na baada ya uhuru wa mwaka wa 1963 watu walimiminika Nairobi kutoka pande zote wakitafuta kazi. Mitaa mipya ya nyumba za mawe ilijengwa katika nchi ambayo Wanubi waliihesabu kuwa sehemu ya Kibra: Jamhuri, Ngei, Otiende, Ayany na mingineyo. Ndani ya Kibera penyewe wenye nyumba walijenga vyumba vya kupangisha katika viwanja vilivyokuwa mashamba, kwa sababu chumba huleta kodi kila mwezi na tuta la mboga halileti. Hatuna haki ya kuwalaumu upesi. Mtu asiye na hati ya ardhi hawezi kukopa benki kwa ardhi hiyo, na watoto wake wahitaji karo. Hali kama hiyo ilitokea Kawangware pia, ambako mashamba madogo ya upande wa Dagoretti yaligeuka kuwa safu za vyumba vya mabati. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2009 iliwakuta Kibera watu wapatao 170,000, katika eneo ambalo hapo kale lilikuwa la nyumba chache zilizozungukwa na mahindi.

Hata hivyo jembe halikulala. Wenyeji wa miji ya Kenya waliendelea kulima kando ya reli, kando ya mito na nyuma ya nyumba, ijapokuwa sheria ndogo za halmashauri ziliwakataza kulima mahali pa umma, na mara kwa mara mahindi yao yalifyekwa. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilifanya uchunguzi katika miji sita ya Kenya, nayo ikagundua kwamba nyumba 29 katika kila 100 zilikuwa zikilima chakula ndani ya mji ule ule zilimokaa. Wakuu waliokuwa wakidhani kwamba kilimo ni kazi ya mashambani peke yake walipata somo. Mboga iliyoenea kuliko zote ilikuwa sukuma wiki, ambayo asili yake ni nchi za Ulaya na pwani za Bahari ya Kati. Jina lake la Kiswahili linaeleza kazi yake: huisukuma wiki hadi mshahara upatikane.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuzungumze juu ya mboji, maana bustani ndogo isiyolishwa huchoka upesi. Mboji nayo ina historia inayopita karibu sana na Nairobi. Mwanasayansi Mwingereza, Albert Howard, alifanya kazi katika mji wa Indore huko India kuanzia mwaka wa 1924 hadi 1931. Aliwachunguza wakulima wa India, akaandika kwa utaratibu jinsi ya kugeuza majani, samadi na majivu kuwa mbolea. Katika Afrika, njia hiyo ilifuatwa kwanza katika shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, mwaka wa 1933. Aidha, tangu mwaka wa 1925 palikuwa na Jeanes School huko Kabete, karibu na Kawangware, ambapo walimu Waafrika walifundishwa bustani na usafi pamoja na masomo mengine, ili wakafundishe vijijini. Sisi walimu wa leo ni warithi wa kazi hiyo, na ndiyo sababu somo la kilimo lisidharauliwe na mwanafunzi yeyote adhaniye kwamba mikono yenye udongo ni mikono isiyosoma.

Kutengeneza mboji ni rahisi. Tafuta pembe yenye kivuli. Weka chini vijiti vikavu ili hewa ipite. Juu yake tandaza majani makavu au mabua, kisha maganda ya ndizi, viazi na mabaki ya mboga mbichi, kisha samadi ya kuku au mbuzi kidogo, kisha majivu machache na udongo. Rudia tabaka hizo mpaka lundo lifike kiunoni. Usitie nyama, mifupa wala mafuta, maana vitaita panya. Lundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Likikauka halitaoza, likilowa sana litanuka. Ingiza kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa baada ya siku chache na kukikuta cha moto, jua kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho vinafanya kazi yake. Geuza lundo kila baada ya majuma mawili au matatu. Baada ya miezi kama mitatu utapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa.

Twafika sasa kwenye wakati wa gunia. Mwishoni mwa mwaka wa 2007 na mwanzoni mwa 2008 Kenya iliingia katika machafuko baada ya uchaguzi mkuu. Kibera iliumia sana. Jirani alimgeukia jirani, reli iliyopita mtaani iling'olewa, na soko la Toi, ambalo watu wa Makina hulitegemea, liliteketea kwa moto. Bidhaa zikaadimika na bei zikapanda. Aliyezoea kununua mboga kila jioni kwa fedha za kibarua cha siku ile hakuwa na kibarua wala mboga. Katika mwaka huo wa 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuwasaidia wakazi kulima ndani ya magunia, likiwapa miche kutoka katika vitalu vya mtaani. Mwaka huohuo vijana wa Kibera walisafisha jaa la takataka karibu na reli wakaligeuza kuwa bustani. Muda si mrefu magunia yenye majani mabichi yalionekana vibarazani na kando ya njia nyembamba.

Gunia la mboga hutengenezwa hivi. Twaa gunia la kilo 90. Twaa na kopo kubwa lililotolewa vifuniko vyote viwili. Tia udongo uliochanganywa na mboji chini ya gunia, simamisha kopo katikati, ulijaze mawe madogo, kisha ujaze udongo pande zote kulizunguka. Livute kopo juu taratibu, mawe yabaki mahali pake. Ulijaze tena, na udongo tena, hadi gunia lijae. Sasa una nguzo ya mawe inayopita katikati kama uti wa mgongo. Maji ukimwagayo juu hushuka kwa nguzo hiyo na kuenea hadi chini. Bila mawe, udongo wa juu ungelowa na wa chini ungebaki mkavu. Toboa matundu ubavuni, uingize miche ya sukuma wiki au mchicha, na juu upande vitunguu vya majani au dania. Gunia moja huchukua miche thelathini na zaidi. Maji uliyooshea mboga yanatosha kulinyweshea, nalo ni jambo kubwa mahali ambapo debe la lita 20 hununuliwa kwa fedha.

Mavuno huanza majuma sita au manane baada ya kuatika. Chuma majani ya chini kwanza, ukiacha yale machanga ya juu, nao mmea utaendelea kukulisha kwa miezi kadhaa. Vidukari wakija, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Wala usitie udongo wowote uuonao. Udongo wa jaa au wa kando ya barabara kuu waweza kuwa na risasi na madini mengine mabaya, kwa kuwa petroli ya zamani ilitiwa risasi kwa miaka mingi, na betri nazo hutupwa ovyo. Madini hayo huingia mwilini, hasa kwa watoto, bila kuonekana. Uliza udongo umetoka wapi kama uulizavyo maji yametoka wapi, na uoshe majani vizuri kabla ya kuyapika.

Msomaji, nadhani umekwisha kuona swali linalotungojea. Je, gunia ni ushindi au ni dalili ya hasara? Wako wanaolisifu sana, na wana sababu. Watu wengine wa ulimwengu nao walipobanwa walishika jembe: Waingereza walilima hata katika viwanja vya starehe wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, na Wakuba walilima ndani ya jiji la Havana baada ya Urusi ya Kisovieti kuanguka mwaka wa 1991. Watu wa Kibera wanastahili kuhesabiwa pamoja nao. Lakini mwenye kulisifu gunia bila kuuliza shamba lilikwenda wapi amesoma ukurasa wa mwisho tu wa kitabu. Babu alilima ardhi. Mjukuu analima kitu awezacho kukihamisha usiku mmoja akiambiwa ondoka. Wepesi wa gunia ni sifa yake, na pia ni ushahidi wake dhidi ya historia.

Mambo yamebadilika kwa kiasi. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora ufaao. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, hivi kwamba kazi iliyokuwa ikifyekwa ikapata kutambuliwa. Na mwezi wa Juni mwaka wa 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi wa Kibra hati ya ardhi ya ekari 288. Wazee walioingojea walifurahi. Hata hivyo wewe unayejua hesabu, gawanya 4,197 kwa 288, utaona kwamba kwa kila ekari 14 au 15 zilizotangazwa mwaka wa 1918, hati hiyo ina ekari moja. Tena katika ardhi hiyo hiyo wanaishi wapangaji wa makabila mengi, waliozaliwa humo, nao pia wanakula na wanahitaji kupanda. Haki ya mmoja itawekwaje bila kuvunja ya mwingine? Swali hilo halijaisha, nalo litajibiwa na kizazi chenu.

Kwa sababu hiyo nakushauri mambo mawili. La kwanza, ukiwa na nafasi ya kuweka gunia moja, liweke, na ulitunze kwa utaratibu niliokueleza. Haba na haba hujaza kibaba, na sufuria ya jioni haitakuwa tupu. La pili, mwendee mzee wa mtaani kwenu, awe wa Makina au wa kwingineko, umwulize kwa adabu: hapa tulipo palilimwa nini zamani, na nani, na kwa ruhusa ya nani? Andika jibu lake katika daftari pamoja na tarehe. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na mengi wanayoyajua hayamo katika hati yoyote ya Serikali.